Karatasi ya Arobaini na Moja

Kila siku ya kazi, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Dakta Eberhard Rathsack alichonga penseli. Aliichonga kwa kisu kidogo alichorithi kwa baba yake, akakusanya maganda kiganjani, akayatupa ndani ya jiko la makaa lililokuwa pembeni mwa ofisi. Kisha alivuta majalada ya jana na kuandika namba kwenye kona ya juu, upande wa kulia, ya kila karatasi iliyoingia. Hakuruka hata bahasha. Mpaka amalize hakunywa kahawa wala hakupokea mgeni, na mkuu wa wilaya mwenyewe alishazoea kusubiri mlangoni.

"Karatasi isiyo na namba," aliwaambia makarani wapya, "ni mtoto asiye na jina. Yeyote anaweza kumchukua."

Udaktari wake ulikuwa wa sheria. Aliusomea chuo kikuu cha Greifswald kwa mkate na mafuta ya nguruwe, akivaa koti la kuazima, maana baba yake alikuwa mshona matandiko ya farasi na mfuko wake haukuwa mrefu. Mjini Lessenhagen, makao makuu ya wilaya moja ya jimbo la Pomerania, Ujerumani, wapo walioutafsiri udaktari huo vingine. Siku moja bibi mmoja wa kijijini aliingia ofisini, akapandisha sketi, akamwonyesha goti.

"Mama, mimi ni daktari wa sheria."

"Basi tunga sheria goti liache kuuma," bibi akajibu, akakaa.

Alifika Lessenhagen mwaka 1908 akiwa na miaka thelathini, akitarajia kwamba baada ya miaka mitatu atapandishwa kwenda ofisi ya jimbo, Stettin. Lakini waliopandishwa walikuwa watoto wa wenye mashamba, wenye makovu ya panga mashavuni, alama za mapambano ya vyuoni, na majina marefu. Yeye akabaki naibu wa mkuu wa wilaya. Wakuu watatu walikuja na kuondoka, naye akiwaonyesha mahali pa kutia sahihi.

Novemba 1918 Kaizari alipokimbia, wafanyakazi waliingia ofisini na kitambaa chekundu mkononi. Aliyetangulia alikuwa mpiga ishara wa reli, mtu mfupi mwenye mabega mapana, jina lake Gustav Prillwitz. Alimkuta Rathsack ameinama mezani.

"Na wewe hapa unafanya nini?"

"Napiga namba."

"Dola imeanguka, wewe unapiga namba?"

"Amri ya kuanguka kwake imeingia saa nne. Ni karatasi ya kumi na saba."

Prillwitz alimtazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Mwacheni huyu," akawaambia wenzake. "Kesho tutataka kujua tuko karatasi ya ngapi."

Tangu siku hiyo alimwita Bwana Namba. Mwaka mzima wa 1919, kila Alhamisi, walikaa pamoja kugawa viazi na makaa ya mawe kwa watu wa wilaya. Prillwitz alimtania juu ya kola yake ngumu, juu ya kisu chake, juu ya jinsi alivyopiga chafya kwenye kitambaa kilichokunjwa mara nne. Majira ya kiangazi alikuja na karatasi za chama cha watu wa reli, zimeandikwa namba kwenye kona, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea nyundo.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Ishirini na sita umeiandika mara mbili."

"Hiyo ya pili ni ya akiba."

Rathsack hakuwa na rafiki, na hata neno hilo hakulizoea. Lakini karani wake wa masijala, mzee Lemcke, aliona kwamba siku ya Alhamisi bosi wake huongeza makaa jikoni bila kuambiwa.

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Machi, 1920, ikaingia simu ya maandishi kutoka Berlin. Serikali imefukuzwa, wapo watu wapya, na jeshi liko nao. Baada ya saa moja ikaingia nyingine: serikali halali imehamia kusini, wafanyakazi wote wagome, maofisa wasiwatii wale waasi. Mkuu wa wilaya alizisoma zote mbili amesimama, akafunga vifungo vya koti lake la manyoya.

"Nina mafua, Rathsack. Nakwenda shambani kwangu."

"Bwana mkuu, tunamtii nani?"

"Wewe ndiye mwanasheria. Tafuta sheria."

Gari lake la farasi likaondoka. Rathsack alibaki na serikali mbili mezani. Akazipa namba, moja baada ya nyingine, kwa kufuata saa zilivyoingia.

Jumatatu hakuna treni iliyopita. Taa za umeme zilizimika, gazeti halikutoka. Jumanne asubuhi kambi ya jeshi ikapiga simu: askari wa kujitolea wanazunguka wilaya kwa wilaya kuwakusanya viongozi wa mgomo, waandaliwe majina. Rathsack akajibu kwamba bila amri ya maandishi hawezi. Akashusha simu. Jalada la mgomo wa reli lilikuwa kabatini, na jina la kwanza ndani yake halikuwa la mwingine ila Prillwitz.

Saa sita mchana alivaa koti, akatoka kwenye mvua, akaenda kwa miguu mpaka kwenye kibanda cha ishara nje ya mji. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kutoka ofisini kabla ya saa saba. Prillwitz alikuwa ndani anamenya kiazi.

"Bwana Namba, umepotea njia?"

"Wanakuja kukuchukua. Leo. Usirudi nyumbani."

Prillwitz aliweka kiazi chini. Aliuliza ni nani wanaokuja, akaambiwa. Aliuliza kama mkewe Minna atasumbuliwa, Rathsack akasema sheria hairuhusu.

"Nitakwenda kwa Ewald Manthey," Prillwitz akasema mwishowe, "kwenye tanuri lake la matofali. Nakwambia wewe peke yako, ili Berlin ikitulia uniletee neno. Sitaki kukaa pale mpaka Pasaka. Supu ya Manthey ni maji ya kuoshea viatu."

Rathsack alipaswa kusema, usiniambie. Hakusema.

"Na hili nalo utalipiga namba?" Prillwitz akauliza akivaa kofia. Akacheka, akampiga bega. Rathsack naye akatabasamu, akarudi mjini na viatu vimejaa maji.

Ofisini aliketi na koti lake lililolowa. Kanuni aliyofundishwa akiwa kijana, naye akaifundisha kwa vijana wengine, ilikuwa hii: mazungumzo yoyote yanayohusu jalada yaandikwe dokezo kabla koti halijakauka. Mkono ukatangulia, akili ikabaki kwenye mvua. Aliandika: *Tarehe 16 Machi, saa sita na nusu. Nimemjulisha Prillwitz kuhusu kukamatwa kunakokusudiwa. Atakuwa kwenye tanuri la matofali la Manthey mpaka hali ya kisheria ijulikane. R.* Akaitunga kwa uzi kwenye jalada la mgomo. Juu kulia akaandika arobaini na moja. Tangazo la kamati ya mgomo, lililoletwa adhuhuri ile ile, likawa arobaini na mbili.

Lemcke alikuja kulichukua jalada kulirudisha masijala. Alikuwa na desturi ya kutupia jicho karatasi ya juu na ile inayofuata. Akasimama.

"Bwana Daktari. Umeandika nini hapa?"

Rathsack akasoma mwandiko wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Wakati huo huo simu ikalia. Alikuwa binti wa posta, yule aliyebaki zamu kwa ajili ya hospitali, anaongea chini chini. "Bwana Daktari, lori la askari limesimama hapa mbele, hotelini. Wanakunywa supu. Luteni ameulizia ofisi yenu." Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika thelathini na tano.

"Itoe," Lemcke akasema.

"Imeshapigwa namba."

"Jiko hili hapa linawaka."

"Arobaini na mbili itafuata nini?"

"Itafuata arobaini. Nani atahesabu?"

"Mimi."

"Bwana Daktari, ni penseli. Futa, andika nyingine." Lemcke alifungua droo, akamtia kifutio kiganjani, akamfunga vidole juu yake kama mtoto anayepewa peremende. "Nakuomba. Ana mke yule."

Rathsack alikishika. Alijua kwa moyo kifungu cha sheria ya jinai juu ya ofisa anayeondoa karatasi kwenye jalada la serikali. Alijua pia mtu aliyekaa tanurini anasubiri neno. Akaivuta karatasi ya arobaini na moja mpaka uzi ukaanza kuichana tundu, akaacha. Akajiambia hawatasoma, kwa kuwa miaka kumi na miwili hajamwona mtu akisoma jalada. Akajiambia atalificha jalada lote, kisha akajiuliza atawajibu nini wakiliulizia, kwa maana hakuwahi kusema uongo akiwa ameketi kwenye kiti kile. Akaivuta tena, akaacha tena. Jasho lilidondoka juu ya arobaini na mbili, akalipangusa kwa mkono wa koti. Lemcke alikaa kwenye kiti cha wageni, akaanza kulia bila sauti. Hakuthubutu kumnyang'anya bosi wake, kwani naye alikuwa karani wa kazi ile ile kwa miaka thelathini na moja.

Viatu vilisikika ngazini saa tisa kasoro dakika tano.

Luteni alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili hivi, mwenye adabu. Alivua kofia ya chuma, akaomba jalada la mgomo.

"Hakuna amri ya maandishi," Rathsack akasema, na kiganja chake kikalilalia jalada.

"Kweli. Hakuna." Luteni akakiinua kile kiganja kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayeinua jani, akalivuta jalada. Hakulifungua mwanzoni. Alilifungua mwisho. "Nasoma sheria, mwaka wa tatu," akaeleza. "Tulifundishwa kuanza nyuma." Akageuza karatasi moja. Akasoma. Akapiga mluzi mdogo.

"Jalada zuri sana, Bwana Daktari. Namba zote zipo."

Askari wakashuka ngazi mbio, wakarudi hotelini kuwakusanya wenzao na kuwasha lori. Rathsack akakurupuka, akamsukuma Lemcke mlangoni, akachukua baiskeli ya mzee yule uani. Tanuri la Manthey lilikuwa kilomita kumi na moja, na barabara ilikuwa tope. Hakuwa mtu wa baiskeli. Alianguka mara mbili kabla ya daraja, miwani ikabaki mtaroni. Alikanyaga pedali akisema namba kwa sauti bila kujua, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Alifikiri lori litakwama, litakosea njia panda, Manthey atakuwa na mbwa. Katikati ya mashamba ya viazisukari akasikia injini nyuma yake. Lori lilimpita likimrushia matope mpaka kifuani. Vijana waliokaa nyuma walikuwa wanaimba, na mmoja wao, pengine alimwona mzee mwenye kola akihangaika, akampungia mkono.

Alizisikia risasi akiwa bado mbali. Alipofika lori lilishaondoka. Manthey, mtengeneza matofali, alikuwa amepiga magoti kwenye udongo mfinyanzi, mikono hewani ingawa hapakuwa tena na wa kumwelekezea bunduki. Baadaye askari walisema Prillwitz alijaribu kukimbia. Maiti yake ilikuwa na soksi tu miguuni, bila viatu. Rathsack alivua koti lake, likiwa bado na maji ya mvua ya mchana, akamfunika.

Kesho yake mchana ikaingia simu ya maandishi: waasi wa Berlin wamesalimu amri. Kama Prillwitz angekaa tanurini salama siku moja zaidi, angekuja mwenyewe Alhamisi kugawa viazi. Rathsack aliipa ile simu namba yake. Aliandika pia dokezo jipya, la kwanza katika jalada la muda lililoshika nafasi ya lile lililochukuliwa, kwa sababu hilo nalo lilipaswa kuandikwa: *Saa 8:35 nimejulishwa ujio wa askari. Saa 8:55 jalada limechukuliwa.* Akalifunga kabatini.

Jalada la mgomo lilirudi kwa posta mwezi Mei, halina upungufu. Juni ikaja tume ya uchunguzi. Lemcke alisimama, akaapa kwamba askari walimnyang'anya Bwana Daktari jalada mkononi.

"Ni kweli, Dakta Rathsack?" mwenyekiti akauliza.

"Ni kweli," akajibu, na kwa kweli ilikuwa kweli. Majalada yote mawili yalikuwa mezani mbele ya mwenyekiti. Hakufungua hata moja. Rathsack aliyatazama mpaka yakakusanywa, akingoja mkono mmoja tu uguse uzi.

Mji ulihitaji mtu wa kumlaumu, ukampata. Nani alijua Prillwitz yuko tanurini? Manthey. Nani aliachwa hai? Manthey. Kwenye kilabu cha bia watu walihama meza alipokaa. Minna Prillwitz alitema mate mbele ya viatu vyake mlangoni mwa kanisa, watu wakaona. Matofali yake yakakosa mnunuzi, na mwaka 1926 tanuri likazimwa. Manthey aliuza farasi, akawa anatembea mpaka wilaya ya jirani kununua mkate, kwa kuwa mwokaji wa Lessenhagen alimwambia umekwisha hata rafu zikiwa zimejaa.

Rathsack aliyaona hayo yote. Mara tatu alimwandikia mwendesha mashtaka kueleza ukweli wa karatasi ya arobaini na moja. Barua zote tatu zina tarehe na namba. Zilibaki kwenye droo ya nyumbani, chini ya leso.

Na kila Septemba, maboga ya mji yakiiva na miti ya plamu ikiinama, Minna alikuja kwake na chupa ya jamu nyeusi ya plamu, aliyoikoroga siku nzima.

"Ulikwenda kwa miguu kumwonya, na mvua ile," alisema kila mwaka. "Wakubwa wengine walikuwa na mafua."

"Bi Prillwitz, si lazima."

"Nani kasema lazima? Kula, umekonda kama ufagio."

Hakuila. Chupa zilijipanga juu ya kabati la jikoni mwaka hadi mwaka, na mkewe Klara alizipangusa vumbi bila kuuliza. Lemcke alikufa mwaka 1924, ameufumba mdomo mpaka mwisho. Aliacha baiskeli yake kwa Rathsack, na Rathsack hakuipanda.

Mwaka 1933 dola iligeuka tena. Safari hii walioingia ofisini walivaa mashati ya kahawia, na hawakucheka walipomkuta anapiga namba. Walikuwa na sheria mpya ya kuwaondoa watumishi wasioaminika, wakapita masijala nzima kutafuta sababu. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano, watu walisoma majalada. Mapema Septemba alipata barua. Ilisema kwamba kwa mujibu wa karatasi ya 41 ya jalada la mgomo wa reli, iliyoandikwa kwa mkono wake, alimwonya kiongozi wa wekundu na kujua maficho yake kwenye tanuri la Manthey. Kwamba kwa dokezo lake mwenyewe la siku ile alijua ujio wa askari saa 8:35 na jalada lilichukuliwa saa 8:55. Kwa hiyo ameachishwa kazi, bila malipo ya uzeeni. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Alirudi nyumbani na kile kisu mfukoni. Asubuhi iliyofuata, saa mbili kasoro dakika kumi, alikaa jikoni mikono imelala mezani, mbele yake hakuna kitu.

Wiki ya tatu Minna alikuja na chupa ya kumi na nne. Nywele zilishakuwa nyeupe. Aliiweka mezani, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Mji mzima unasema wamekufukuza kwa sababu ya Gustav. Wale mbwa. Wanasema kuna karatasi."

"Ipo."

"Manthey yule anatembea huru, na wewe wanakunyima mkate. Dunia hii." Akamtazama. "Karatasi gani?"

Klara alikuwa amesimama karibu na jiko. Barua ilikuwa ndani ya droo, chini ya leso, pamoja na zile tatu. Angeweza kusema ni mambo ya ofisi, Bi Prillwitz, na mwanamke yule angenyamaza, kwani alimheshimu. Rathsack aliinuka, akafungua droo, akaichukua barua, akaiweka mbele yake kando ya chupa.

Minna hakuwa msomaji wa haraka. Alifuata mistari kwa kidole, midomo ikitembea. Kidole kilifika kwenye neno tanuri, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikasoma tena ni nani aliyeandika. Kisha kikaenda mbele taratibu mpaka kwenye zile saa mbili, kikakaa juu ya ya kwanza, kikahamia juu ya ya pili.

"Manthey," akasema kwa sauti ndogo. Akarudia jina lile, safari hii hakulisema kwa mtu yeyote pale jikoni.

Klara akavuta kiti, hakukaa. Nje mtu alipita na toroli la viazi. Minna aliikunja barua kwenye mikunjo yake ya zamani, akaisukuma upande wa Rathsack, na alipoinua uso hapakuwa na chozi.

"Bwana Daktari, ulikuwa na nafasi ya kuitoa?"

"Nilikuwa nayo, Bi Prillwitz. Dakika ishirini, na kifutio mkononi."